Sura ya Tano: Udongo Usiofika Ziwani

Mwezi wa tatu, mvua za Umatengo zimekwisha kunyesha tangu Novemba, na nyasi za shamba lililopumzishwa zinamfika mtu kiunoni. Hapo ndipo wanaume wanapoingia na mafyekeo. Nyasi zikishalala huachwa zinyauke siku kadhaa, kisha hupangwa chini kwa mistari, mingine ikishuka na mingine ikiikatiza, mpaka shamba zima linafanana na wavu uliotandazwa juu ya mlima. Baada ya hapo shamba ni la akina mama. Mama anasimama katikati ya jicho moja la wavu, anachimba pale pale aliposimama, na udongo anaurushia juu ya nyasi pande zote nne. Akimaliza, nyasi zimezikwa chini ya matuta manne na katikati pamebaki shimo. Anahamia jicho linalofuata.

Hiyo ndiyo ngoro.

Machi moja nilikaa juu ya jiwe pembeni mwa shamba la namna hiyo, si mbali na Mbinga mjini. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba nilipanda nikishika mashina ya nyasi. Nilimwamkia mama aliyekuwa kazini. "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba mwanangu, karibu," na jembe halikusimama. Lilikuwa limelika upande mmoja, ncha ya kulia ikiwa imebaki fupi kuliko ya kushoto, kwa sababu kila pigo lake lilianza na ncha ile. Aliuvuta udongo wa chini, mweusi, akaubwaga juu ya nyasi, akaugonga kidogo kwa mgongo wa jembe ukae. Ndani ya shimo alilomaliza, lenye upana wa meta moja na nusu hivi na kina cha kufika magotini, mizizi iliyokatika ilikuwa inachuruza maji. Binti yake alimfuata nyuma akidondosha maharage juu ya matuta.

Maharage hayo huvunwa kiangazi kikishaingia. Mvua mpya zikianza, Novemba au Desemba, mahindi huchukua zamu juu ya matuta yale yale, na nyasi zilizozikwa zimeshaoza zikawa mbolea. Magugu ya palizi hutupwa shimoni, nayo yanaoza humo. Ila kazi kubwa ya shimo ni ya siku ya mvua. Maji yanayoteremka kwa kasi yanaingia shimoni na kutulia. Yakitulia, tope yalilobeba linakaa chini, na maji yenyewe yanazama taratibu ardhini. Yakizidi, yanamiminika katika shimo la chini yake, na huko yanasimamishwa tena. Shamba moja lina mamia ya mashimo. Tone la mvua linalotaka kuondoka na udongo wa Umatengo linalazimika kuomba ruhusa mara mamia.

Nimeanza na jembe la mama huyu katika sura inayohusu wanyama, samaki na mifupa ya kale, nami nimefanya hivyo kwa makusudi. Kwa muda mrefu tumezoea kwamba hifadhi ni mahali penye bango, geti na askari mwenye sare. Mbinga na mwambao wa Nyasa vinalo pori la namna hiyo, na nitalifikia. Lakini nimeitembea nchi hii toka juu mpaka chini, na naamini kwamba hifadhi yake kubwa kuliko zote haina geti. Inachimbwa upya kila mwaka, na waichimbao wengi wao ni wanawake.

Ngoro ina zaidi ya miaka mia moja, na chanzo chake hakiko mbali na vita. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walikaa Songea na kuanza kuwavamia majirani zao. Wamatengo walipanda juu zaidi milimani, kwenye miamba na mapango yanayoficha watu. Huko walibanana. Mlima mkali, watu wengi, ardhi kidogo: katika hali hiyo mkulima hawezi kukata msitu mpya kila mwaka na kuacha wa jana. Ni lazima ailishe ardhi aliyonayo, na aizuie isimkimbie.

Mwaka 1938 afisa mmoja wa kikoloni, A. H. Pike, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu jinsi Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Wakoloni wakati ule walikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko, nao walikuta watu ambao hawakuhitaji kufundishwa. Kwingineko mambo yalikwenda vibaya. Uluguru, serikali ililazimisha watu kukata matuta ya ngazi milimani, na mwaka 1955 wananchi wakaasi. Ngazi zile zililetwa na amri kutoka ofisini. Ngoro ilizaliwa shambani, na kila aliyeichimba alijua kwa nini anaichimba. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Kyoto, Japani, wamekuwa wakija Mbinga kuisoma, wakapima mashimo, mteremko na mavuno, na wakakuta kwamba mfumo huu unahimili milima ambayo kilimo cha kawaida kingeikwangua mpaka mwamba.

Wamatengo wana neno jingine ambalo natamani lingeingia katika Kiswahili cha kila siku: ntambo. Ni upande wa mlima uliozungukwa na vijito, kuanzia kileleni mpaka bondeni, ambao zamani ukoo mmoja uliukalia na kuugawana. Juu kuna msitu, katikati nyumba na kahawa, halafu ngoro, halafu bonde lenye maji. Mtu wa ntambo hawezi kusema kinachotokea juu hakimhusu aliye chini, maana aliye chini ni shangazi yake.

* * *

Milima ya Umatengo ni paa la nyumba, na maji yake yanashuka pande mbili. Mvua inayonyesha upande wa machipukizi ya Ruvuma inaungana na mto unaoanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unafuata mpaka wa Msumbiji, na kuingia baharini kusini ya Mtwara. Inayonyesha upande wa pili inashuka ziwani Nyasa. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire kule Malawi, unaokwenda kumwaga katika Zambezi. Matone mawili yaliyoanguka jirani yanakutana tena Bahari ya Hindi, mdomo mmoja na mwingine ikiachana kwa mamia ya kilomita. Njiani yamepita nchi mbili tofauti kabisa, moja ya palahala na tembo, nyingine ya samaki.

Nianze na ya samaki.

Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami inayojipinda mlimani. Hewa inabadilika dakika kwa dakika, kahawa inabaki nyuma, mihogo na miembe inatokea, masikio yanaziba na kuzibuka. Kisha, kwenye kona moja, ziwa linatokea lote kwa pamoja. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na Mbamba Bay ndiyo makao yake makuu. Ziwa lenyewe lina kilomita za mraba zipatazo 29,600 na kina kinachofika meta 700. Chini ya meta 250 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna samaki. Uhai wote umejaa kwenye tabaka la juu, hasa pale jiwe linapokutana na maji.

Mawe hayo yako mengi upande huu. Ukienda mapema, kabla upepo wa mwera haujaamka, maji yanakuwa kama kioo, na ukiinama kwenye jabali karibu na Mbamba Bay unaona mbuna. Wa bluu, wa njano, wa rangi ya chungwa yenye madoa kama batiki. Mmoja utamtambua kwa pua: imening'inia juu ya mdomo kama kibaraza. Jina lake la kitaalamu, Labeotropheus fuelleborni, limechukuliwa kwa Friedrich Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya viumbe wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19. Mtazame anavyokula. Wenzake wengi husimama wima mbele ya jiwe ili kulikwangua. Yeye analala sambamba na jiwe, pua ikigusa, na kwa midomo yake mipana anachuna utelezi wa kijani uliolifunika, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Ameumbwa kwa kazi hiyo tu.

Ziwa Nyasa lina samaki wa aina nyingi kuliko ziwa lolote duniani, na wa jamii hii ya mbuna na ndugu zao peke yao wanapita 800. Karibu wote hawapatikani kwingine. Sababu moja ni kwamba mbuna haendi safari. Kati ya jabali na jabali pakiwa na mchanga wa kilomita chache, kwake ni jangwa. Anazaliwa, anakula na kufa kwenye mawe ya kwao, na baada ya vizazi vingi watu wa jabali hili wana rangi yao na wa jabali lile yao. Ndiyo maana ukiingia duka la samaki wa mapambo Ujerumani au Marekani utakuta tangi lina kibandiko kilichoandikwa Lundo, au Undu, au Mbamba Bay. Mnunuzi wa huko, ambaye huenda hajui Ruvuma iko wapi, anajua kwamba samaki wa Lundo si sawa na wa Mbamba Bay.

Mama wa samaki hawa hulea mdomoni. Akishataga anayachukua mayai yote kinywani, na kwa muda wa wiki tatu hivi hali kitu au anakula kidogo sana. Kwa baadhi ya aina, vifaranga vikianza kuogelea anavitoa vikacheze, na kivuli kikipita juu, cha furukombe au cha mtu kama mimi, anafungua mdomo na vyote vinarudi ndani. Nimeliona jambo hilo mara moja tu, kwa sekunde chache, na sijapata kulisahau.

Sasa fikiria tope. Mto ukileta udongo mwekundu kutoka milimani, chembe zake zinaelea, halafu zinatua polepole juu ya mawe. Utelezi wa kijani unafunikwa na hauoti vizuri gizani, na aliyeumbwa kukwangua jiwe anabaki akikwangua matope. Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba katika Ziwa Victoria, pale maji yalipochafuka, majike wa jamii hii ya samaki walishindwa kuwatofautisha madume kwa rangi, aina zikaanza kuchanganyikana na kupungua. Kwa hiyo aina ya samaki inaweza kutoweka bila hata mmoja kuvuliwa. Inatosha maji yasiwe maangavu.

Wavuvi wa Nyasa hawaishi kwa mbuna. Wanaishi kwa usipa, dagaa wa ziwa hili, ambao huvuliwa usiku usio na mwezi kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola, lakini ukisimama ufukweni Liuli bado unaona mji mzima unaowaka juu ya maji. Asubuhi usipa wanaanikwa mchangani na juu ya vichanja, na magunia yanapanda mlima kwenda Mbinga na Songea. Mshuko mmoja wa mvua isiyotarajiwa, na kazi ya usiku mzima inaoza. Wakati wa utulivu, nzi wadogo wa ziwa wanainuka kwa mawingu, mtu wa mbali akadhani ni moshi wa kijiji kinachoungua.

Na wapo mbasa. Mbasa ndiye samaki wa heshima wa mwambao huu, mrefu, wa rangi ya fedha, anayewindwa kwa ladha yake. Anaishi ziwani lakini hazaliani humo. Mvua zikijaza mito anapanda, na mto mmoja mkubwa anaoupanda ni Ruhuhu, unaoingia ziwani kati ya Manda na Lituhi. Anatafuta changarawe safi yenye maji yanayokimbia, anataga, na mayai yanapumua kati ya vijiwe. Changarawe ikizibwa na tope, mayai yanakufa kwa kukosa hewa. Hatari nyingine inamngoja mlangoni: wapo wanaotandaza nyavu kukatiza mdomo wa mto wakati ule ule anapopanda akiwa na mayai. Anayefanya hivyo anavua samaki wa leo pamoja na wa miaka mitano ijayo. Vikundi vya wananchi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vinapambana na nyavu hizo na makokoro, kwa mitumbwi ya kupiga kasia na posho ndogo au bila posho, nao huwa wanamkamata jirani, au shemeji. Sijui kazi ya hifadhi iliyo ngumu kuliko hiyo.

Mwaka 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, lilitangaza kwamba aina tatu kati ya nne za chambo wa ziwa hili ziko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Chambo, chakula cha sikukuu cha pande zote tatu za ziwa! Malawi walitenga hifadhi ya taifa ya ziwa mwaka 1980, nayo ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1984. Msumbiji walitangaza hifadhi upande wao mwaka 2011. Samaki haonyeshi pasipoti, kwa hiyo hatua ya mmoja ni faida kwa wote, na uzembe wa mmoja vivyo hivyo.

Sitaki kuondoka mwambaoni bila kulitaja jabali la Pomonda, pale Liuli, linalotoka majini kama kichwa cha mnyama aliyelala. Wajerumani waliliona wakakumbuka Sphinx wa Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika pale na kuifyatulia mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Manahodha hao wawili walikuwa marafiki waliozoea kunywa pamoja. Mapigano hayo huhesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza ya majini katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na yalitokea mbele ya mbuna na wavuvi wa usipa. Liuli pia ndiko alikozikwa William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyezunguka ziwa hili kwa miaka zaidi ya arobaini mpaka alipofariki mwaka 1928, na waumini huja kumkumbuka kila mwaka.

* * *

Nimesema mmomonyoko ni adui. Ruhuhu inanilazimisha niongeze neno.

Bonde la Ruhuhu na vijito vyake, upande wa Songea, Mbinga na Ludewa, limelala juu ya matabaka ya miamba ya zamani sana. Chini kuna makaa ya mawe, yanayochimbwa leo Ngaka wilayani Mbinga: ni misitu iliyofukiwa kabla dunia haijaona dinosaria hata mmoja. Juu yake kuna miamba ya mchanga na udongo mwekundu inayoitwa Matabaka ya Manda. Kila masika vijito vinaila miamba hiyo, kingo zinabomoka, na mifupa iliyogeuka jiwe inatokeza. Hakuna shoka wala sururu iliyofichua mengi kama mvua.

Mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge alitembea katika bonde hilo na kuondoka na mifupa mingi. Kati yake palikuwa na mfupa wa mkono wa juu na pingili za uti wa mgongo wa mnyama mmoja asiyejulikana. Miaka ya 1950 mwanafunzi wake, Alan Charig, aliichunguza katika tasnifu yake, na baadaye akampa mnyama huyo jina la Nyasasaurus, lakini hakuchapisha maelezo yake rasmi. Charig alifariki mwaka 1997. Mwaka 2012 Sterling Nesbitt na wenzake, wakimweka Charig kama mwandishi mwenzao, walilitangaza jina hilo rasmi: Nyasasaurus parringtoni, mwenye umri wa miaka milioni 243 hivi. Kama si dinosaria wa kwanza kujulikana duniani, basi ni ndugu wa karibu kuliko wote wa dinosaria. Alikuwa na urefu wa meta mbili au tatu, sehemu kubwa ikiwa mkia. Wale majitu wa Tendaguru kule Lindi, ambao Wajerumani waliwachimba kuanzia 1909 mpaka 1913 na mmoja wao anasimama Berlin, wamekuja karibu miaka milioni 90 baada yake.

Watafiti waliorudi bondeni mwaka 2007 walipata mwingine, mwenye ukubwa wa mbwa, wakampa jina lililonifurahisha nilipolisoma: Asilisaurus kongwe. Neno letu la asili liko katika jina lake la kwanza, na la pili ni kongwe, bila kutafsiriwa. Mwaka 2017 akatangazwa Teleocrater, jamaa wa mbali zaidi, aliyeanza na mifupa ile ile ya Parrington na kukamilishwa na mingine iliyookotwa bondeni mwaka 2015.

Mfupa wa mkono wa Nyasasaurus uko London. Mtoto wa Litumbandyosi au Lituhi anaweza kumaliza shule bila kujua kwamba mnyama huyo anabeba jina la ziwa la kwao. Linaniuma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia haya, na haki ya kuchimba inatolewa kwa kibali, lakini sheria haifundishi mtoto. Nakala ya mfupa huo, iliyotengenezwa kwa plasta, ingeweza kukaa katika ukumbi wa halmashauri Mbinga au Mbamba Bay, na mchungaji wa mbuzi anayeona jiwe lenye umbo la ajabu kijitoni angejua la kufanya: asiling'oe, asiligonge, aseme.

Historia ya watu nayo ni ndefu kwenye ziwa hili. Ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Niassa wa Msumbiji, Julio Mercader alichimba pango la Ngalue, na mwaka 2009 akaandika kwamba zana za mawe za humo, zenye umri wa zaidi ya miaka 100,000, zilikuwa na chembe za wanga wa mtama pori. Wapo wataalamu waliotaka ushahidi zaidi kabla ya kukubali kwamba watu wale walikuwa wanakula nafaka. Lakini kwamba walikuwapo, wakichonga mawe yao karibu na maji haya, hilo halina ubishi.

* * *

Tone la pili lilikwenda kusini.

Pori la Akiba Liparamba lilitangazwa mwaka 2000, wakati eneo lote lilikuwa bado Mbinga. Ni kilomita za mraba 570 hivi za miombo, kuelekea Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, na tangu 2016 liko chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Watalii ni wachache. Anayetaka kuona simba kumi kabla ya chai ya saa nne asije huku. Miombo humlipa mtu mvumilivu. Njoo Septemba au Oktoba, ardhi ikiwa kavu na nyeusi kwa moto, na utaona miti inachipua majani mapya kabla ya tone la kwanza la mvua: mekundu, rangi ya shaba, ya zambarau, mlima mzima. Maji ya kuchipulia imeyaweka mizizini tangu mwaka jana.

Mnyama wa pori hili, kwangu mimi, ni palahala. Dume ni jeusi la kung'aa, tumbo jeupe, pembe zimepinda nyuma kama upanga. Anapenda miombo, mahali ambapo udongo ni duni na nyasi ni ngumu, na anahitaji nafasi kubwa ili kundi dogo lishibe. Wapo pofu, tandala, kongoni, ngiri, nyati, chui, na tembo wanaokwenda na kurudi kuvuka Ruvuma.

Tembo hao wana kumbukumbu mbaya. Katika ikolojia ya Selous, iliyo kaskazini-mashariki ya hapa, walihesabiwa zaidi ya 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 walibaki takriban 13,000. Majangili walivuka Ruvuma pande zote mbili, na Hifadhi ya Niassa iliyoko Msumbiji, yenye kilomita za mraba 42,000, ilipigwa vilevile. Kati ya Selous na Niassa pana ushoroba unaopita Namtumbo na Tunduru, na vijiji vya huko vimejifunza kulinda wanyama wao wenyewe. Chuo cha Likuyu Sekamaganga wilayani Namtumbo kimefundisha askari wanyamapori wa vijiji wengi, vijana waliozaliwa humo humo, wanaoujua mguu wa kila mtu. Doria ya miombo haina barabara. Ni siku kadhaa za kutembea na unga, dagaa na chumvi mgongoni, kulala bila moto unapofuata nyayo, na kutegua mitego ya nyaya ambayo haichagui nani inamnasa.

Liparamba ni dogo. Palahala na tembo wake watapona tu kama wanaweza kutoka na kurudi, na kama mkulima wa kijiji cha jirani haamki akakuta mahindi yake yamelala. Kwa hiyo yapo mambo ya pilipili na mizinga ya nyuki ya kuwazuia tembo, na mazungumzo marefu chini ya mwembe kuhusu fidia. Mkulima aliyepoteza gunia kumi kwa usiku mmoja ana haki ya kukasirika, na mhifadhi asiyekaa kumsikiliza atakuwa na pori lenye maadui pande zote.

Na hata huku maji yanaamua. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa umeme Tulila, juu ya Ruvuma, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuuza umeme kwa TANESCO. Mtambo kama huo unakufa kwa mchanga. Mto ukibeba udongo wa milimani, unabeba pia taa za Songea.

Ndiyo maana wakati wa mvua za mwisho nilirudi tena Umatengo. Ngoro ni kazi nzito, na vijana wengi wanaikwepa. Wanachimba matuta ya kawaida, mengine yakishuka moja kwa moja na mteremko kwa sababu ni mepesi kuchimba. Bondeni, mahali vijito viwili vinapokutana, nilisimama mvua ikikatika. Kimoja kilitoka upande wa matuta hayo mapya, na maji yake yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Kingine kilitoka chini ya mashamba ya ngoro. Kilikuwa kimeongezeka kidogo tu, na changarawe ya chini ilikuwa inaonekana. Baada ya makutano, kwa hatua kama ishirini, vilitembea ubavu kwa ubavu bila kuchanganyika, mstari mwekundu na mstari mweupe, kabla ya kugeuka kuwa mto mmoja.

Nilipanda mpaka shambani kwa yule mama. Maharage yalikuwa yameota, majani mawili mawili juu ya matuta. Katika kila shimo kulikuwa na kidimbwi, na katika kila kidimbwi, anga. Alikuwa ameinama kwenye shimo moja lililobomoka pembeni, analiziba kwa mikono.